Bata Bukini wa Mama Noela

Nilimwahidi Mama Noela kwamba mbegu ya bata bukini wake haitapotea maadamu mimi ni hai. Nilitamka maneno hayo nikiwa nimesimama uani kwake, Kirolirwe, viatu vyangu vya mpira vimejaa tope na kinyesi cha bata, kiganja changu cha kulia kikiwa juu ya daftari la chanjo kama mtu anayeapa mahakamani. Yeye hakuniomba ahadi. Nilijitolea mwenyewe, kwa sababu hoja zangu zilikuwa zimeshindwa kumgeuza, nikaona kiapo kitafanya kazi ambayo hoja hazikuiweza. Kikafanya. Leo mimi bado ni hai, na ua ule hauna bata hata mmoja.

Ninawaandikia ninyi mnaomaliza masomo ya mifugo na kusubiri kutumwa katika vilima vya Masisi au misitu ya Walikale. Mtashangaa kwamba mtu wa miaka thelathini na saba anajiita mstaafu. Sikustaafishwa na umri. Nyonga yangu ilivunjika, ikaungwa vibaya, na sasa siwezi kupanda mlima wala kukaa juu ya pikipiki kwa muda unaozidi wa kuchemsha chai. Kazi ya kuchanja kuku wa vijijini ni kazi ya miguu, na aliyepoteza miguu ameipoteza kazi. Nimebaki na kumbukumbu, na nyingi kati yake ni za makosa yangu. Nadhani hizo ndizo zitakazowafaa zaidi.

Nilipofika Kirolirwe mara ya kwanza, nilikuwa namjua bata bukini kwa mchoro tu. Chuoni tulichora mifupa ya bawa lake na kupata alama nzuri. Mama Noela alikuwa mjane mrefu, mkulima wa viazi na maharage, wa ukoo ulioishi juu ya vilima vile tangu zamani. Bata hao aliachiwa na mama mkwe wake, na katika eneo lile lote la malisho ya ng'ombe hakuna mwingine aliyekuwa nao. Nilipoingia uani kumsalimu, dume, ambaye alimwita Shefu, alinyoosha shingo chini kama nyoka, akanijia mbio na kuning'ata suruali nyuma ya goti.

"Dokteri, usikimbie!" Mama Noela alipiga kelele kutoka jikoni, kwa Kiswahili cha kule ambacho 'njo' ni 'ndiye'. "Ukikimbia, anasema weye njo mwizi!"

"Mama, mukamate!"

"Nimukamate miye? Si weye njo ulisomea?"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Kisha akaja polepole, akapitisha mkono mmoja chini ya tumbo la dume, wa pili akaukaza juu ya mabawa karibu na bega, kichwa cha ndege kikatazama nyuma chini ya kwapa la Mama. Dume likanyamaza. Hivyo ndivyo bata bukini anavyoshikwa. Msimwinue kwa miguu kama kuku, kwa maana miguu yake haikuumbwa kubeba uzito wake ukining'inia, na huteguka upesi. Ukimkimbiza, umeshindwa; msogelee ukiwa umefungua mikono na umsukume taratibu hadi pembeni. Hayo sikuyasoma popote. Alinifundisha mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi, na daftarini mwangu jioni hiyo niliandika kwamba nimetoa mafunzo kwa mfugaji mmoja.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Papa Ladislas, moniteri mzee wa mifugo asiye na diplome, aliyekuwa amechanja kuku vijijini tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa na thermosi ya buluu yenye barafu. Yeye alibeba vichupa vya chanjo ndani ya kipande cha mgomba kilichochongwa shimo katikati na kuzibwa kwa majani mabichi. Nilimhurumia. Siku moja barafu yangu iliyeyuka kabla hatujafika nusu ya njia, maji yakawa ya uvuguvugu, na mgomba wake ulikuwa bado baridi ukiugusa. Alichukua vichupa vyangu, akavihamishia kwake, tukaendelea kupanda.

Kosa langu la kwanza kubwa lilihusu maji. Chanjo ya kideri, ugonjwa ambao watu wa vilimani huuita muraramo, tuliichanganya ndani ya maji ya kunywa ya kuku. Kijiji kimoja kilikuwa kimewekewa dawa ya klorini kwenye chemchemi kwa sababu ya kipindupindu. Nilijua hilo, maana bango lilikuwa pale pale. Nilijua pia, kwa sababu niliulizwa katika mtihani na nikajibu vizuri, kwamba klorini huua chanjo. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Nilichota maji ya chemchemi, nikachanganya, nikawanywesha kuku wa kijiji kizima. Muraramo ulipopita, kuku walipindika shingo na kufa, na watu wakasema sindano ya serikali imewaua, ingawa haikuwa sindano wala mimi sikuwa serikali.

Papa Ladislas alinipeleka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. "Useme: nilikosea," aliniagiza. "Usiseme mambo ya kemia. Batu wamefiwa na kuku, haukuje kuwapa somo." Nilisema hivyo katika kila nyumba. Mnapochanganya chanjo, chukueni maji ya mvua au ya mto yaliyochujwa, na mkiwa na shaka tieni kijiko cha unga wa maziwa kwanza. Na mkikosea, semeni mmekosea.

Nawaeleza kisa hicho kwa sababu ndicho kilichonizaa upya, na kwa ubaya. Baada ya aibu ile niliapa kwamba hakuna kuku wala bata katika eneo langu atakayekosa chanjo iliyo safi. Nikawa mtu wa madaftari. Nilitaka kila mnyama awe na nyumba moja, mwenyewe mmoja, na tarehe ya chanjo mbele ya jina la mwenyewe. Nilipofika kwa Mama Noela na kalamu yangu, mambo yakaharibika.

"Mama, una bata wangapi?"

"Kumi na moja."

Niliangalia uani. Walikuwepo wawili, Shefu na jike wake.

"Naona wawili tu, Mama."

"Ile ingine iko kwa batu."

"Umewauza?"

"Kuuza? Nimesema iko kwa batu. Mbili iko kwa shemeji yangu kule juu. Tatu iko kwa rafiki ya kanisa. Mbili iko mpaka Kibua, kwa bakwe, kule Noela aliolewa. Na ile ingine mbili..." Alihesabu kwa vidole bila haraka, akanitajia kila nyumba, kila bata, na kila mmoja ameatamia mara ngapi.

Alichokuwa akinieleza ni desturi ya kufugisha, ambayo wazee wenu wanaijua vizuri kuliko mimi. Mtu mwenye mbegu hakai nayo yote. Anampa mwenzake jozi amfugie. Vifaranga wakikua, mfugaji anachukua nusu na mwenye mbegu nusu, na wazazi wanabaki wa mwenye mbegu hata wakizeeka katika ua wa mwingine. Hakuna karatasi. Mimi niliona ndani yake jambo moja tu: mianya. Nyumba ambayo nimeichanja leo, kesho inapokea kuku kutoka kwa shangazi ambaye sijawahi kumwona. Na ndivyo ilivyokuwa. Muraramo ulirudi mara mbili Kirolirwe ukiwa umebebwa na kuku wanaotoka kufugishwa mbali, na mara zote mbili niliufuata nyuma kwa miguu mpaka kwenye nyumba ulikotoka. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikukosea hesabu.

Nikabuni banda la mfano. Banda moja kubwa, juu ya uwanda mzuri wa nyasi karibu na barabara, lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, wavu wa chuma, mlango wenye kufuli, chombo cha maji ambacho kuku hawezi kukichafua. Wanawake wa kijiji wangewaleta kuku na bata wao wote, wakiwemo wale wa kufugishwa, na kila mmoja angewekewa pete ya rangi mguuni. Ningechanja wote kwa asubuhi moja. Nilichora ramani yake kwa rula. Nilitafuta wafadhili, nikapata mabati na wavu. Wanawake wengi walikubali upesi, kwa kuwa walikuwa wamechoka kuzika kuku.

Mama Noela alikataa. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa anachambua maharage kwenye ungo, kisha akauliza, "Na kama vita inakuya?"

"Vita ikija, Mama, itakuta bata wenye afya."

"Niko nauliza kweli, Dokteri. Sasa bata yangu iko mu nyumba tano. Vita haiwezi kufika mu nyumba tano siku moja. Inafika ku moja, ao mbili. Ile ingine inabaki."

"Lakini ugonjwa unafika nyumba zote tano, kwa sababu hatuwezi kuzichanja zote. Ugonjwa unaua zaidi kuliko vita."

"Bata haikufe na muraramo, mwanangu. Inakufaka kuku."

Alisema kweli. Bata bukini hubeba ugonjwa ule bila kuanguka. Wanaokufa ni kuku walio jirani nao. Nilijua. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu hasa bata wake ni hatari kwa kuku wa wengine, na kwamba mwanamke wa kanisa hawezi kuwa chanzo cha hasara ya jirani. Nilimpiga mahali ambapo hakuweza kujikinga. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Ndipo nikaweka kiganja juu ya daftari na kumwahidi ile ahadi niliyoanza nayo.

"Basi," alisema mwishowe. "Uende mwenyewe kuileta. Miye haya itaniua."

Papa Ladislas alikuwa amekaa pembeni muda wote huo akikaza kamba ya mgomba wake. Tulipotoka aliniuliza swali moja: "Umemuuliza kwa nini anaona haya?" Nikasema tutachelewa.

Shemeji, rafiki wa kanisa na nyumba ile nyingine walirudisha bata bila maneno mengi. Kibua ilikuwa safari tofauti. Ni mbali, unashuka kutoka baridi ya malisho hadi joto la msitu, na pikipiki yangu ilizama katika tope mara tatu. Niliwakuta Noela na baba mkwe wake, Papa Anselme, mkulima na mwindaji, shemasi wa kanisa lao ambaye hata hivyo hakuanza kula mpaka amemwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Bata wawili walikuwa wakila majani kando ya kijito. Waliwalisha vizuri kuliko nilivyotarajia: majani ya migomba yaliyokatwakatwa, na majani ya muhogo yaliyonyaushwa juani siku mbili, kamwe si mabichi, kwa maana mabichi ya muhogo mchungu huua. Nilieleza nilichofuata.

Papa Anselme aliweka chini panga alilokuwa akilinoa.

"Kuna muntu amekufa kule?"

"Hapana, Papa."

"Basi Mama Noela amekosana na siye?"

"Hapana kabisa, Papa. Ni kwa ajili ya chanjo. Bata wote watakuwa mahali pamoja."

"Chanjo," alirudia.

Noela, ambaye hadi hapo alikuwa akitwanga, aliingilia kwa sauti ya chini: "Dokteri, Mama njo alikutuma, ao weye njo ulikuja?"

"Mama yako amekubali. Hii hapa alama ya kidole chake." Nikatoa karatasi. Nilikuwa na karatasi kwa kila kitu.

Papa Anselme hakuitazama. Alikwenda mwenyewe kijitoni, akawakamata bata bila kelele, akawafunga miguu kwa nyuzi laini za mgomba, akawaweka katika kikapu changu na kuwafunika. Katika nyumba zile mgeni haondoki bila chochote cha kula njiani. Mimi niliondoka bila chochote. Nilidhani ni haraka zangu. Nilipokuwa nikiwasha pikipiki, alisema kwa upole mkubwa, kama anayenisaidia: "Kwetu, mbegu ya mukwe hairudishwe. Inarudishwa kama bukwe imeisha."

Nikamshukuru kwa taarifa hiyo. Nikaondoka.

Nataka muelewe kwamba banda lilifanya kazi. Vijana wenye bidii hufikiri kosa huonekana upesi. La kwangu lilionekana kama ushindi kwa misimu kadhaa. Muraramo ulipita vijiji vya jirani na kutuacha. Bata waliatamia, na pale mayai yalipozidi tuliwawekea kuku mama wenye mwili mkubwa, manne kwa kila mmoja na si zaidi. Kuku hawezi kulipindua yai zito la bata bukini, kwa hiyo kila siku tuliyageuza kwa mkono, na katika juma la mwisho tukayanyunyizia maji ya uvuguvugu ili gamba lisikauke na kumnasa kifaranga. Mama Noela alikuja kila asubuhi kusimama kwenye wavu. Shefu alimjia upande wa ndani, wakasalimiana kwa kelele zao.

"Ananiuliza amefanya kosa gani, mpaka nikamufunga," aliniambia mara moja, akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Nilijivunia sana. Kwa mkono wangu niliandika ubao, herufi nyekundu juu ya nyeupe, BANDA LA MFANO LA KUKU NA BATA, na mshale, nikaupigilia kando ya barabara ili wageni na wafadhili wasipotee.

Wenye silaha hawakupotea pia. Walikuja kama saa tatu asubuhi, siku ya soko, wakiwa na njaa na wakiwa na haraka. Sikuwepo, nilikuwa kijiji cha pili. Wanawake walinieleza baadaye kwamba mmoja wao alisoma ubao kwa sauti kama mwanafunzi, wenzake wakapiga makofi. Walivunja kufuli. Kila ndege wa kijiji alikuwa mle ndani, amehesabiwa, amenenepa, na mlango ulikuwa mmoja. Hata pete za rangi ziliwafurahisha. Waliwafunga miguu kwa waya wa banda lenyewe, na muda wote uliotumika haukufika ule wa misa fupi. Shefu alimng'ata mmoja mkononi, akapigwa kitako cha bunduki. Kama angekuwa uani kwake, pengine wangemkosa, maana njia ya nyumbani kwa Mama Noela haionekani barabarani. Kama wale wengine wangekuwa katika zile nyumba nne, wangekuwepo leo.

Mapigano yakafuata siku hiyo hiyo na kijiji kizima kikakimbia. Mama Noela alichukua ungo, blanketi na jembe. Wengi walielekea kambini. Yeye alikuwa na mahali pa kwenda: alishuka Kibua, kwa mwanawe.

Mimi nilifika Kibua baada ya majuma mawili, nikiwa na thermosi yangu na nguo nilizovaa. Nilimkuta katika kibanda kidogo kilicho karibu na njia, kile wanamomlaza mpita njia. Chakula kililetwa kwa sahani iliyofunikwa kitambaa, kila siku, kwa heshima kamili. Papa Anselme alikuja kumsalimia asubuhi na jioni, akamwita Mama, akamuuliza usingizi. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwita jikoni kuchambua mboga, wala kumwonyesha kipande cha ardhi apande maharage yake.

"Wanakutunza vizuri, Mama," nilisema, kwa kuwa niliogopa kimya.

"Ee. Wananipa chakula kama mugeni." Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ungo mtupu magotini. "Mugeni, siku moja anarudi kwake. Miye nitarudi wapi?"

Ndipo, miaka michache baada ya Papa Ladislas kuniuliza, nikauliza kwa nini kurudisha bata ni haya. Alinijibu bila hasira, na ningependa zaidi angekasirika.

"Bata yangu ikiwa kwako, miye niko na nyumba kwako. Nikikuja, sikuje kuomba. Nakuja kuangalia bata yangu. Nikikosa pa kulala, nalala pale bata inalala. Sasa niliichukua. Niliwaambia, kwa mudomo yako, siwaamini tena." Akauweka ungo chini. "Niliwekeza kwa batu, Dokteri. Weye ulifikiri ni kuku."

Chuoni tulisoma kwamba mfugaji wa kijijini hana akiba wala bima. Nami niliandika sentensi hiyo katika kazi yangu ya mwisho, nikapongezwa.

Nilimwendea Papa Anselme nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, si la Mama. Nilisema nilikosea, kama nilivyofundishwa, bila kemia. Alinisikiliza.

"Najua ni weye. Siku ile nilikuona, niliona mutoto ya shule," alisema. "Lakini si weye njo mwenye bata. Mwenye bata alirudisha. Mwenye bata njo analeta tena. Mbili. Moja haifugishwi." Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye naye anatafuta mlango, akaongeza: "Nusu yangu ya vifaranga, ile ya zamani, niliuza jozi moja kwa mama mumoja wa Ntoto, anafanya biashara ya chumvi. Sijue kama iko."

Nilikwenda Ntoto. Yule mama alikuwepo, na nyuma ya duka lake kulikuwa na dume moja, mtoto wa mbegu ya Kirolirwe, shingo ndefu na kifua cha kijivu kama cha Shefu. Jike aliliwa na fungo. Tangu hapo dume lilikuwa likisimama kutwa nzima mbele ya beseni la bati, likijitazama. Mama wa chumvi hakutaka pesa. Alitaka thermosi. Nikampa, ndicho kifaa cha mwisho cha kazi nilichokuwa nacho.

Katika kurudi, pikipiki ya kukodi iliteleza juu ya daraja la miti. Nilianguka chini kwenye mawe, kikapu kikafunguka juu. Dume lile lilisimama barabarani na kupiga kelele mpaka wapita njia wakaja kutazama ni bata gani anayewatukana, wakanikuta. Daktari aliyeniunga nyonga alisema ninadaiwa uhai na ndege. Sikucheka wakati ule.

Sasa dume hilo liko Kibua, limefungwa kamba ndefu karibu na kibanda cha wapita njia. Mama Noela hulikatia nyasi. Papa Anselme hupita, huliangalia, husema ni dume zuri, kisha huenda zake. Hawezi kulipokea likiwa peke yake, wala Mama Noela hawezi kuomba lipokelewe. Mimi naishi nyumba ya pili kutoka hapo na fimbo mbili, na vijiji ninavyovifikia kwa miguu yangu havina bata bukini. Msimu wa kupanda maharage umekaribia, na bado hakuna aliyemwonyesha ardhi.

Nimewaambia namna ya kushika, ya kulisha, ya kuatamisha na ya kuchanganya chanjo. Mtajifunza mengine kwa wenye mifugo, mkiwauliza kabla ya kuandika. Kwangu limebaki ombi moja. Yeyote kati yenu atakayetumwa mahali penye bata bukini, aniletee jike Kibua. Awe kijana, awe mzima. Dume na jike hufanana, kwa hiyo msikilizeni kwanza: jike ana sauti nzito ya kukwaruza, dume ana sauti nyembamba ya kupaza. Mbebeni katika kikapu chenye hewa, na mkifika msinipe mimi. Mpeni Mama Noela mkononi, ili ampeleke mwenyewe. Mmoja anatosha.